Matone Mangapi?

Shangazi yangu yuko Leicester, Uingereza, mwaka wa 20 sasa. Goti la kulia linamuuma akipanda ngazi, usingizi humkatika saa nane za usiku, na kila asubuhi kabla ya chai humeza vidonge viwili, kimoja cha presha na kimoja cha lehemu. Jumapili moja jioni alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za watu wa Tanga mmoja mmoja, aliniomba nisubiri avae miwani. Kisha akanisomea maandishi ya kichupa cha kioo cha kahawia alichonunua kwenye duka la vyakula vya asili.

"Mwanangu, hapa wameandika CBD miligramu mia tano. Mia tano hii ni kama ile ya Panadol?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili anayeshika kipimo pekee alichowahi kufundishwa. Kidonge kimoja cha Panadol kina miligramu 500 za parasetamoli, na mtu mzima humeza viwili. Kichupa kile cha mililita 10 kilikuwa na miligramu 500 za CBD kwa jumla, zimeyeyushwa katika mafuta ya nazi. Kila mililita, basi, ina miligramu 50. Mililita moja ikidondoshwa hutoa matone kama 20, kwa hiyo tone moja lina miligramu 2.5. Shangazi alikuwa akijaza mrija mzima na kuumimina chini ya ulimi kila usiku, karibu miligramu 50. Mwenzake wa darsani alikuwa amemwambia tone moja linatosha. Mmoja alimzidi mwenzake mara 20, na kichupa hakikusema nani kakosea.

Tangu siku ile nimesoma sana juu ya jambo hili. Mimi si tabibu. Ninaandika kwa kuwa swali la shangazi linaulizwa na watu wetu wengi walioko Uingereza, Marekani na Kanada, ambako mafuta haya yanauzwa madukani, na majibu wanayopewa mara nyingi hutoka kwa anayeuza.

Kwetu neno dozi lina mwanzo na mwisho. Tumekua tukilisikia kwenye dirisha la dawa: mbili kutwa mara tatu, na umalize dozi hata ukipata nafuu. Dawa ya mseto ya malaria mtu mzima humeza vidonge 4 mara mbili kwa siku, siku 3, basi. Mtoto hupewa pungufu kulingana na kilo zake. Nyuma ya namba hizo kuna watu waliopima damu, wakahesabu vimelea, wakalinganisha kundi na kundi. Mgonjwa hatafuti kitu. Dozi ilikwisha kutafutwa kabla hajaugua. Mafuta ya CBD yamefika madukani kabla ya kazi hiyo kufanywa kwa maradhi mengi ambayo watu huyanunulia. Ndiyo sababu mnunuzi huambiwa atafute dozi yake mwenyewe. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, kwa maana miili haifanani. Lakini humtwika mgonjwa kazi ya mtafiti bila kumpa mzani.

Watanzania tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipopanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe kilikuwa kimoja kwa wote, mwembamba na mnene, mwenye kisukari na mwenye presha. Kwenye mafuta haya mambo yamegeuka: kila mtu ana kikombe chake. Kinachokosekana ni kilekile, yaani kupima kilichotokea mwilini baada ya kunywa.

CBD ni kifupisho cha kanabidioli, mojawapo ya viambato zaidi ya 100 vya mmea wa bangi. Kinacholevya katika mmea huo ni kiambato kingine, THC. CBD hailevyi, na mwaka 2018 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani iliyoipitia kwa kina haikuona dalili kwamba inamfanya mtu awe mraibu. Mkemia Roger Adams wa Chuo Kikuu cha Illinois aliitenga mwaka 1940. Raphael Mechoulam na Yuval Shvo huko Israeli wakaeleza umbo lake kamili mwaka 1963. Kisha, mwaka 1980, watafiti wa São Paulo, Brazili, wakishirikiana na Mechoulam, wakafanya jambo ambalo kwa swali letu ni muhimu kuliko yote hayo: waliwapa wagonjwa 8 wa kifafa sugu miligramu 200 hadi 300 za CBD kila siku, na wengine 7 wakawapa dawa tupu isiyo na kitu. Katika wale 8, wanne karibu waache kabisa kuanguka, watatu wakapata nafuu kiasi, mmoja hakubadilika. Kundi lilikuwa dogo, lakini dozi ilikuwa imeandikwa, na ugonjwa ulikuwa unahesabika. Kifafa kina rehema hiyo moja kwa mtafiti, kwamba mtu ameanguka au hakuanguka.

Ilipita zaidi ya miaka 30 kabla ya ulimwengu kusikia. Aliyeusikilizisha alikuwa mtoto wa Colorado, Charlotte Figi, mwenye aina kali ya kifafa cha utotoni iitwayo Dravet. Alikuwa akipata mishtuko takriban 300 kwa wiki. Wazazi wake, baada ya kumaliza dawa zote, walimpa mafuta yenye CBD nyingi na THC kidogo sana, na mishtuko ikapungua ajabu. Habari yake ilirushwa na televisheni ya CNN mwaka 2013, na baada ya hapo biashara ikalipuka. Charlotte alifariki Aprili 2020, akiwa na miaka 13. Ninamtaja kwa heshima, kwa sababu mara nyingi kisa chake hutumiwa kumuuzia mtu mzima mwenye maumivu ya mgongo kitu ambacho hakifanani na alichopewa yule mtoto, si kwa ugonjwa wala kwa kiasi.

Madaktari walilifanyia kazi jambo la Charlotte ipasavyo. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio la watoto na vijana 120 wenye Dravet yalichapishwa. Waliopewa CBD, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, mishtuko yao ya degedege ilishuka kutoka 12.4 hadi 5.9 kwa mwezi, kwa mgonjwa wa katikati. Waliopewa dawa tupu walitoka 14.9 wakafika 14.1. Mwaka uliofuata, Juni 2018, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maji iitwayo Epidiolex, CBD iliyosafishwa, kila mililita miligramu 100, ndani ya mafuta ya ufuta. Dozi yake haikuachwa hewani. Mgonjwa huanza na miligramu 2.5 kwa kilo, asubuhi na jioni. Baada ya wiki moja huweza kupandishwa hadi miligramu 5 kwa kilo, asubuhi na jioni. Kwa Dravet, kikomo ni miligramu 20 kwa kilo kwa siku nzima, na damu hupimwa kuangalia ini kabla na wakati wa matibabu.

Sasa tuchukue kalamu tufanye hesabu ya shangazi, mwenye kilo 70. Kwa miligramu 10 kwa kilo kwa siku, ambayo kwa watoto wa kifafa ni dozi ya kawaida wala si kubwa, angehitaji miligramu 700 kila siku. Kichupa chake cha 500 kisingefika machweo. Kwa kipimo alichokuwa akitumia, mrija mmoja kwa usiku, kichupa kinakaa siku 10. Kwa tone moja la mwenzake wa darsani, kinakaa siku 200. Mtu anayesema "utafiti umethibitisha CBD inafanya kazi" huku ameshika kichupa cha matone anaazima ushahidi wa nyumba nyingine. Ushahidi ulio imara umesimama kwenye mamia ya miligramu na kwenye kifafa.

Wako waliotafuta dozi ya wasiwasi, na waliyoyaona yanafaa kuelezwa polepole kwa kuwa yanapinga mazoea yetu. Sisi tumezoea kuamini kwamba dawa ikizidi nguvu inazidi, mpaka ifike mahali idhuru. Watafiti wa Brazili waliwaweka wanaume 57 wenye afya katika hali ya kutakiwa kuhutubia, jambo linalomtoa jasho mtu yeyote. Kundi moja lilipewa dawa tupu, mengine yalipewa miligramu 150, 300 au 600 za CBD, mara moja tu. Waliopata 300 walitulia. Waliopata 150 hawakupata nafuu ya maana, na waliopata 600 vilevile. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalifanana na ya jaribio lao la awali ambalo lilikuwa na 100, 300 na 900. Kama mlima, nafuu ilipanda ikafika kileleni, kisha ikashuka. Kwa hiyo mtu anayeongeza matone kila wiki kwa kuwa "bado hayajashika" huenda anapanda, na huenda alikwisha kuvuka kilele bila kujua. Hana njia ya kutambua isipokuwa awe ameandika.

Kwa vipimo vidogo, vile vinavyonunulika, habari ni hafifu zaidi. Zahanati moja ya magonjwa ya akili huko Colorado iliwafuatilia watu wazima 72 wenye wasiwasi au usingizi mbovu, wengi wakitumia miligramu 25 kwa siku. Ripoti yao ya mwaka 2019 inasema kwamba mwezi wa kwanza alama za wasiwasi zilishuka kwa watu karibu 8 kati ya 10, na usingizi uliboreka kwa thuluthi mbili yao, kisha usingizi ukawa unapanda na kushuka. Wauzaji hupenda kuitaja. Lakini hapakuwa na kundi la kulinganisha. Mtu anayekwenda hospitali wiki aliyozidiwa sana, mwezi mmoja baadaye mara nyingi huwa nafuu hata kama alipewa maji.

Na goti? Hapa ndipo nilipotaka kumletea shangazi habari njema, nikashindwa. Huko Denmark, wagonjwa 136 wenye maumivu ya viungo vya mikono walipewa ama miligramu 20 hadi 30 za CBD kwa siku ama dawa tupu, kwa wiki 12. Hakukuwa na tofauti. Mtu angeweza kusema dozi ilikuwa ndogo. Lakini watafiti wa Vienna walikwenda juu: miligramu 600 kwa siku, wiki 8, wagonjwa 86 wenye magoti yaliyosagika kama la shangazi, wote wakiendelea na parasetamoli. Matokeo ya mwaka 2023 ni kwamba CBD haikuongeza nafuu yoyote juu ya dawa tupu, na walioitumia walionyesha matatizo ya ini zaidi. Dozi ndogo haikusaidia, dozi kubwa haikusaidia na ikagusa ini. Anayeuliza matone mangapi kwa goti lililosagika, kwa ushahidi uliopo leo, jibu la haki ni kwamba hakuna idadi ya kumpa.

Nilimwambia hivyo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa. Basi tuangalie usingizi." Watu wazima hawatupi kichupa walichonunua kwa paundi zao, na sidhani ni kazi ya mpwa kumwamuru shangazi. Kazi niliyojipa ni kuhakikisha hadhuriki, na kwamba mwisho wa safari atajua kama dawa ilifanya kitu.

Mamlaka ya chakula ya Uingereza ilikuwa imeweka namba. Mwaka 2020 iliwashauri watu wazima wenye afya wasizidi miligramu 70 kwa siku. Oktoba 2023 ikashusha ushauri huo hadi miligramu 10, baada ya kupitia takwimu za watengenezaji wenyewe na kuona hatari kwa ini na tezi ya shingo kwa anayetumia kila siku kwa miaka. Miligramu 10 ni matone 4 ya kichupa kama cha shangazi. Yeye alikuwa kwenye 50. Msomaji aangalie vizuri maana ya namba hiyo: ni kikomo cha usalama kwa mtu mzima mwenye afya, haikuwekwa kama kiasi kinachotibu. Mamlaka hiyohiyo inawaambia wajawazito, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa nyingine wasiyatumie mafuta haya bila ushauri wa daktari. Shangazi yumo katika kundi la mwisho.

Dawa nyingine ndiyo sehemu ya dozi ambayo watu hawaihesabu. Ini lina vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa tunazomeza, na CBD huvizuia baadhi yake. Dawa ya kifafa iitwayo klobazamu inapotumiwa pamoja na CBD, zao lake lenye nguvu hupanda takriban mara 3 katika damu, na mgonjwa huzidiwa na usingizi bila kuongezewa hata kidonge kimoja. Ikikutana na valproati, dawa nyingine ya kifafa, hatari ya kuumia ini huongezeka. Kuna visa vilivyoandikwa, kimoja cha mgonjwa wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambaye ilibidi apunguziwe dozi, na kingine cha aliyekuwa akitumia takrolimusi, ambaye dawa hiyo ilipanda sana mwilini. Dalili moja rahisi kwa mtu wa kawaida ni karatasi ya dawa yake: ikikataza balungi, basi huenda inapita njia ambayo CBD nayo inaigusa, na mfamasia aulizwe kabla ya tone la kwanza. Karatasi za shangazi, ya presha na ya lehemu, zote mbili zinalitaja balungi.

Hata asiye na dawa nyingine asijione yuko salama kwa kiasi chochote. Jaribio lililochapishwa mwaka 2025 na watafiti wa mamlaka ya dawa ya Marekani liliwachukua watu wazima 201 wenye afya njema. Waliopewa CBD walipata miligramu 5 kwa kilo kwa siku, kwa siku 28. Watu 8 kati yao vimeng'enya vya ini vilipanda katika damu zaidi ya mara 3 ya kikomo cha kawaida. Katika waliopewa dawa tupu, hakuna hata mmoja. Damu ndiyo iliyosema.

Kuna jingine, nalo ni lebo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD zinazouzwa mtandaoni na kampuni 31, wakazipima maabara. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa, kwa kuruhusu tofauti ndogo, zilikuwa 26. Nyingine 36 zilikuwa na CBD nyingi kuliko lebo, na 22 pungufu. Bidhaa 18 zilikutwa na THC. Kwa hiyo anayehesabu matone kwa makini anaweza kuwa anahesabu kitu ambacho hakimo, au kimezidi. Kampuni yenye kujiheshimu hutoa cheti cha maabara huru kwa kila toleo, chenye namba inayolingana na iliyopigwa kwenye kichupa. Asiyeweza kuonyesha cheti, mwachie mafuta yake. Kichupa cha shangazi kilikuwa nacho, tulikipata na kukisoma pamoja kwa simu, na CBD ilikuwa miligramu 48 kwa mililita. Tuliridhika.

Tuliyoyafanya baada ya hapo yalichukua karibu miezi 3. Kwanza aliacha mafuta kabisa. Alimpelekea mfamasia vidonge vyake vyote kwenye mfuko, naye akamtuma kwa daktari, na daktari akapima ini. Majibu yalikuwa mazuri. Daktari alisema wazi kwamba haandiki CBD kwa ajili ya goti wala usingizi, lakini kama ameamua, asivuke miligramu 10, atumie wiki 6, kisha damu ipimwe tena.

Kisha tukanunua daftari. Kila asubuhi aliandika saa aliyolala, mara alizoamka, saa aliyoamka kwa mara ya mwisho, na alama ya goti kutoka 0 hadi 10 baada ya kupanda ngazi zilezile 13 za nyumbani kwake. Wiki 2 za mwanzo aliandika bila kugusa mafuta. Alilalamika kwamba tunapoteza muda. Mimi naamini wiki hizo 2 ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote, kwa sababu bila kujua ulikotoka huwezi kujua umefika wapi. Na kweli daftari lilituambia jambo kabla ya tone lolote: usiku alioamka mara 3 na zaidi ulikuwa karibu kila mara ule aliokunywa chai ya rangi baada ya Isha, akizungumza na ndugu zake kwa simu.

Wiki ya tatu alianza matone 2, dakika chache baada ya chakula cha jioni. Chakula ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. CBD hupenda mafuta. Ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu ndogo tu huingia katika damu, na majaribio ya dawa iliyosafishwa yalionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi hukizidisha kiasi kinachoingia takriban mara 4. Matone 4 baada ya wali wa nazi na matone 4 baada ya chai kavu si dozi moja, ingawa mkono umehesabu vilevile. Hata anayeyashikilia chini ya ulimi, sehemu kubwa huishia kumezwa pamoja na mate. Tulikubaliana basi awe anakula chakula kinachofanana jioni, saa ileile. Wiki ya nne akapanda hadi matone 4, akakaa hapo. Hakupandisha kila siku kwa sababu CBD inayotumiwa mfululizo hutoka mwilini polepole. Kwa dozi za matibabu, nusu yake huchukua zaidi ya siku 2 kuondoka. Unachokihisi leo ni mchanganyiko wa jana na juzi. Anayeongeza tone kila usiku anaupima mwili ambao bado haujajibu swali la kwanza.

Baada ya wiki 6 za mafuta, aliacha kwa wiki 2 na kuendelea kuandika. Ini lilipimwa, salama. Kisha tukakaa naye, safari hii nikiwa nimemtembelea, daftari mezani na kikokotoo. Goti lilikuwa na wastani wa 6 kabla, 6 wakati wa mafuta, na 6 baada. Usingizi ulikuwa umeboreka kwa saa nzima. Lakini uliboreka tangu alipohamisha ile chai ikawa ya alasiri, wiki moja kabla ya tone la kwanza, na haukubadilika alipoanza mafuta wala alipoyaacha.

Daftari la mtu mmoja halithibitishi lolote kwa mtu mwingine. Pengine jirani yake angeandika kurasa tofauti kabisa, na mzazi wa mtoto mwenye Dravet ana habari nyingine, nzito zaidi, anayopaswa kuizungumza na daktari bingwa wala asiiendee dukani. Ninachoweza kusema ni kwamba shangazi alipata alichokuwa akikitafuta tangu simu ya kwanza. Aliuliza matone mangapi, akapata jibu lake kwa mkono wake mwenyewe: kwake yeye, kwa goti na kwa usingizi, hakuna.

Kichupa kilibaki na mafuta kidogo, na hapo likazuka jambo ambalo ningeomba kila msomaji aliye ughaibuni alisikie. Shangazi alikuwa anasafiri Desemba kwenda Tanga kwa ndege inayopitia Dubai. Alitaka kumpelekea dada yake kile kilichobaki, kwa kuwa naye anaumwa magoti. Kwa nia njema kabisa, kama tunavyopeleka dawa ya kuchua na vitamini. Umoja wa Falme za Kiarabu, ilipo Dubai, huyahesabu mafuta ya CBD kuwa dawa za kulevya, na watu wamefungwa kwa kukutwa nayo. Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza bangi na mazao yake, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 1994. Risiti ya duka la Leicester haimsaidii mtu mbele ya afisa wa forodha, na kama kichupa ni miongoni mwa vile vyenye THC isiyoandikwa, kipimo cha maabara ndicho kitakachozungumza.

Tulikipeleka kwa mfamasia akakiharibu. Kama una mzazi, shangazi au jirani anayepanga safari ya nyumbani, mpigie simu leo, umwombe akusomee kila kichupa alichokipanga kwenye begi.